Anko Jovin Alivyotolewa Jikoni kwa Heshima

Anko Jovin amepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko alivyokwenda Dar es Salaam. Dar amekwenda mara mbili, na mara zote mbili alirudi akilalamika kwamba chai ya kule ni maji ya moto yaliyopakwa rangi. Safari za mlimani hazina hesabu. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mpishi wa misafara ya watalii, yule mtu anayewapita wageni njiani akiwa na mzigo mgongoni, anafika kambini kabla yao, na wao wakitokea huku wanahema kama waliokimbizwa na nyuki, wanakuta chai na bisi vimeshatengwa mezani.

Ni mdogo wake mama. Alizaliwa huku huku kwetu, juu ya Kwa Sadala, akaishia darasa la saba, kisha akaanza kubeba mizigo ya watalii. Siku moja mpishi wa msafara aliugua wakiwa juu kabisa. Kiongozi akauliza nani anajua kupika, wapagazi wote wakaangalia viatu vyao. Jovin akanyoosha mkono. Wakati ule alijua kupika uji tu.

"Asubuhi nikawapa uji, mchana uji, jioni nikauongeza chumvi nikauita supu," huwa anasimulia. "Wazungu wakashukuru sana."

Ila kinachomtofautisha na wapishi wengine ni sahani, na hasa zile zinazorudi. Anazisoma kama sisi tunavyosoma matokeo ya mtihani yakibandikwa ubaoni. Anasema mlima unamshika mtu tumboni kabla haujamshika kichwani. "Mgeni atakwambia niko poa, niko poa. Ukiangalia sahani yake, kijiko kimezunguka tu, chakula kimebaki. Huyo hayuko poa. Unamnong'oneza kiongozi wake kesho ampunguzie mwendo." Mama anasema tabia hiyo imemharibu, maana hata kwenye harusi za watu anapita mezani akikagua nani kabakiza nini.

Mwaka jana mwezi wa kumi aliteleza kwenye mizizi wakati wa kushuka, goti la kulia likajikunja vibaya. Daktari akamwambia kupanda si shida sana, shida ni kushuka.

"Sasa daktari," Anko akamuuliza, "nikishapanda nibaki huko huko?"

Alijaribu tena safari mbili. Ya pili alirudi goti limevimba kama papai, mke wake akalia. Kwa hiyo mwezi wa sita, Mama Kornelia alipomwita, Anko alikwenda mbio, kwa namna ambayo mtu mwenye goti lile anaweza kwenda mbio.

Mama Kornelia ni nesi mstaafu. Marehemu mume wake alimwachia nyumba kubwa katikati ya kihamba, yaani lile shamba letu la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba pande zote, naye ameigeuza kuwa nyumba ya wageni. Hana maneno mengi.

"Jovin, nakupa wiki moja. Wageni ni kumi na wanne. Nikiona jikoni kwangu panahitaji mtu wa kudumu, kazi ni yako. Nikiona naweza kujikongoja mwenyewe kama siku zote, utanisamehe."

"Sawa, mama."

Na upande wa pili alikuwepo Ronald, kiongozi wa misafara. Ana watalii wanaoanza kupanda Jumapili, anataka jibu Ijumaa asubuhi. Basi wiki ile Anko alikuwa na njia mbili tu: jiko la Mama Kornelia, au mlima na goti lile.

*

Wageni wenyewe walikuwa wa ajabu, na nasema hivyo kwa upendo. Majirani waliposikia watu wa nchi tisa wanakuja kukaa wiki nzima kutafakari, wakajua ni mafungo, wakauliza padri ni nani. Hakuna padri. Wakauliza basi ni semina ya nini. Si semina. Wanakutana kila mwaka katika nchi tofauti, wanaishi pamoja, wanakaa kwenye duara la viti na kuulizana maswali.

"Maswali gani?" jirani mmoja akauliza.

"Kama vile, nyumbani ni wapi," nikamjibu.

"Mae! Wametoka Ulaya mpaka hapa hawajui kwao ni wapi?"

Mimi nilikuwemo kwa sababu kiongozi wao, Mama Ingrid wa Norway, aliomba shule yetu impe mwanafunzi mmoja anayependa kuuliza. Mwalimu wangu wa kidato cha tatu hakufikiria hata sekunde mbili. Alisema likizo yangu itamfaa na yeye apumzike. Basi nikawa nakwenda asubuhi na kurudi jioni, nakaa kwenye duara kama mtu mzima, na pembeni yangu anakaa Swaleh wa Njoro, aliyekodiwa kuwa dereva na mkalimani. Swaleh ana Kiingereza kizuri na mdomo usiofungwa.

Kulikuwa na sheria moja: kuanzia alfajiri mpaka saa nne hakuna mtu kusema neno. Swaleh alisema hizo saa ndizo zilizomfanya amkumbuke Mungu kuliko wakati wowote.

Jumatatu Anko alipika kama anapikia mitume. Mtori mzito wa ndizi asubuhi, mchana machalari, zile ndizi na nyama zetu zilizolainika mpaka hazihitaji meno, na saa kumi chai na bisi kwa sababu hiyo haiwezi kumtoka. Sahani zilirudi safi. Anko akawa anaimba jikoni.

Jumanne swali la siku lilikuwa usawa.

Walilizungusha tangu saa nne. Kisha akasimama Thiago, kijana wa Brazili mwenye nywele za kufunga nyuma, moyo wake uko karibu sana na macho. Akasema, na Swaleh akawa anatafsiri kwa kunong'ona: tunazungumza habari za usawa, na kumbe nyuma ya ukuta ule kuna mtu amesimama kwenye moto anatutumikia. Sisi tunawaza, yeye anamenya. Sauti ikamkatika. Wengine wakafuta macho. Mpaka saa sita walikuwa wameshaamua: kuanzia siku ile watapika wenyewe kwa zamu, na Jovin atapewa kiti kwenye duara kama kila mtu.

Mama Ingrid alikwenda mwenyewe jikoni. Akamfungua Anko aproni taratibu, kwa mikono miwili, kama anamvua mtu mavazi ya vita, halafu akamkumbatia. Anko alikuwa bado ameshika mwiko.

"Wanasemaje?" akamuuliza Swaleh, ambaye kila mwanaume wa huku kwetu humwita Mangi.

"Wanasema wewe si mtumishi, Mangi. Wewe ni ndugu."

"Ndugu asiye na kazi?"

"Hapo hawajafika."

Basi akaketi. Sijawahi kumwona mtu amekaa kwenye kiti kizuri vile kwa taabu ile. Mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka, pua imeelekea jikoni. Kitu kikiungua, anakunja uso kabla sisi wengine hatujasikia harufu. Na kibaya zaidi, Mama Kornelia alikuwa anapita huku na huku na ndoo yake anafurahi waziwazi.

"Sijapata kuona wageni wa namna hii! Wanapika, wanaosha, wanafagia. Jovin, umewahi kuona?"

"Hapana, mama," akajibu Anko, kinyonge.

*

Jumatano ilikuwa zamu ya Thiago. Asubuhi, saa za kimya, tumekaa nje na makoti yetu kwa sababu mwezi wa sita ukungu unashuka mpaka mlangoni, tukamwona anaingia kihambani na panga. Alitaka kutupikia ndizi kama zile za Jumatatu.

Sasa, kwa mgeni mgomba ni mgomba. Kwetu kila mgomba una jina na kazi yake. Mshare ni wa kupika. Kuna wa kuivisha. Na kuna ule wa pombe, ambao ndizi zake zinasubiri kuiva ndipo zichemshwe kwa ajili ya mbege, na ukizipika mbichi utamaliza kuni zote za kijiji. Thiago akasimama mbele ya mgomba wa pombe, mkungu mkubwa unapendeza, akauangalia kwa mapenzi.

Anko akakohoa.

Thiago akainua panga. Anko akakohoa zaidi, akawa anatikisa kichwa, anaonyesha kwa kidole mgomba wa jirani yake. Mama Ingrid akainuka kimya kimya, akaenda, akarudi na maji ya moto yenye asali, akamwekea Anko mkononi na kumpapasa bega. Paa! Mkungu ukaanguka.

Zilichemka kwa muda wa saa tatu. Zilipokuja mezani zilikuwa za kijivu, ngumu, na ukiuma moja ulimi unakauka kama umelamba chaki. Kila mtu akatafuna kwa heshima.

"Ina ladha ya ardhi," alisema profesa mmoja wa Ujerumani, mama mwenye daftari dogo la ngozi.

"Tamu sana," wakasema wengine. Thiago aling'aa kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Mimi niliacha yangu, nikasingizia nimeshiba. Najua chakula changu kilikuwa kinanisubiri nyumbani, kwa hiyo sina la kujivunia. Lakini wengine kila mmoja aliipeleka sahani yake karoni kwa wakati wake, na zote zilifika tupu. Kumi na nne, tupu kabisa! Anko alizitazama pale karoni zinapooshwa, akaenda, akarudi, akazitazama tena.

"Vicky," akaniambia pembeni, "miaka kumi na tisa sahani haijawahi kunidanganya. Leo zinanidanganya."

Alhamisi nilipofika nilimkuta amesimama bandani. Mama Kornelia ana nguruwe wawili ambao ukitikisa ndoo tu wanapiga kelele mpaka barabarani. Anko akatikisa ndoo. Mmoja akafungua jicho. Mwingine hakujisumbua.

"Unaona?" akasema Anko. Kwenye majani ya pembeni kulikuwa na vipande vya ndizi za kijivu, na wali wa Jumanne ulioungua, na kitu cha njano ambacho hatukukitambua.

Tukaenda moja kwa moja kwenye gari la Swaleh. Saa nne ilikuwa imeshapita.

"Swaleh, gari lako linanukia kitunguu."

"Manukato mapya, Mangi."

"Manukato ya chipsi mayai?"

Swaleh akaangalia kulia na kushoto, akacheka mpaka akaegemea bodi la gari. "Aisee, nimechoka kulibeba peke yangu. Unajua ile saa kumi, wanaposema wanakwenda matembezi ya kutafakari? Wananisubiri kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nawashusha Kwa Sadala, wanakula, nawarudisha. Kila mtu kaja kivyake. Kila mtu kaniambia, Swaleh, tafadhali usiwaambie wenzangu, wataumia. Jana nimeshuka mara tano!"

"Na Mama Ingrid?"

"Mama Ingrid ndiye aliyeanza."

Mimi nilikuwa naruka ruka. "Anko, sema! Leo mchana, mbele ya wote! Mama Kornelia akijua, kazi umeipata."

Anko hakuruka. Alisugua goti. "Mlimani mgeni haumbuliwi, Vicky. Mgeni akitapika, unageuka unaangalia mawingu, halafu unampa maji. Nikiwasema mbele ya mwenye nyumba, nani atamwajiri mpishi anayeanika wageni?"

"Na usiposema?"

"Nisiposema, mama anaona wageni wanajipikia na wanamaliza sahani. Hapo jikoni panamhitaji nani?"

Akatoa simu, akaangalia, akairudisha mfukoni. Ronald alikuwa ameshapiga mara mbili.

*

Swali la Alhamisi, sikilizeni hii, lilikuwa ukweli. Naapa sikulipanga mimi.

Na siku ile kulikuwa na utaratibu wake: kila aliyeketi kwenye duara lazima aulize swali moja. Walikwenda mmoja mmoja. Je, ukweli usiosemwa bado ni ukweli? Je, mtu anaweza kumpenda mwenzake na kumficha kitu? Waliuliza hivyo, nyuso zimetulia, na mimi nikawa nawaangalia midomo nikitafuta mafuta ya chipsi. Ikafika zamu ya Anko.

"Mimi sina," akasema.

Mama Ingrid akatabasamu. "Kila mtu ana swali, Jovin. Hatuna haraka."

Hawakuwa na haraka kweli. Mama Kornelia alikuwa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Anko aliangalia kiganja chake, akaangalia migomba, kisha akasema polepole, kwa adabu zote:

"Swali langu ni hili. Nguruwe wa Mama Kornelia wameshiba kwa nini?"

Swaleh hakutafsiri. Alimwinamia. "Mangi, una uhakika? Unaniua na mimi."

"Tafsiri."

Swaleh akatafsiri.

Hapo kilitokea kitu ambacho nitawasimulia watoto wangu. Walilichukua swali kama fumbo kubwa! Profesa wa daftari la ngozi aliandika haraka haraka, akafumba macho, akasema shibe ya mnyama ni kioo cha njaa ya binadamu. Mzee mmoja wa India akasema nguruwe hana kesho, ndiyo maana ana shibe. Wengine wakatikisa vichwa. Anko alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne nikaona anajizuia kucheka.

Lakini Thiago alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwaga sahani yangu. Nilishindwa kuzila. Nimewapikia chakula ambacho mimi mwenyewe nimeshindwa kukila, na ninyi mmemaliza, nikaona aibu."

Mzee wa India akakohoa. "Kijana wangu, na yangu pia iko kwa nguruwe."

"Na yangu," akasema profesa, anafunga daftari.

Ikazunguka duara zima. Na yangu. Na yangu. Ilipomfikia Mama Ingrid, alikuwa anatetemeka mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Jumanne," akasema, "nilikula chipsi mayai Kwa Sadala. Jumatano pia. Na mishikaki minne."

"Sita," akasema Swaleh.

Walicheka mpaka viti vikaanguka. Mama Kornelia peke yake hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Yaani ni ninyi? Mimi nimeshamwita bwana mifugo! Nimejua wanyama wangu wana homa!"

Vicheko vilipotulia, Mama Ingrid alisogeza kiti chake mpaka mbele ya Anko. Akamwambia, tulikutoa jikoni na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza kama unataka kutoka. Naomba nikuulize leo. Unataka nini?

Anko alifikiri. "Nataka jikoni kwangu. Lakini hiki kiti msikiondoe, nimeanza kukizoea. Asubuhi nitapika, mchana nitakaa na ninyi. Anayetaka kumenya aje amenye. Ila ndizi nachagua mimi."

Mzee wa India hakuridhika, na nadhani hiyo ndiyo kazi yake. Akauliza: hapo si utakuwa unatutumikia tena, na usawa uko wapi?

"Wewe mzee unafanya kazi gani kwenu?" Anko akamuuliza.

"Nafundisha."

"Ukiacha kufundisha ili uwe sawa na mimi, wanafunzi wako watapata nini?"

Swaleh alipomaliza kutafsiri, profesa alifungua tena daftari. Waliliongelea swali lile saa moja na nusu. Sijui walifika wapi, wala Anko hajui, kwa sababu alikuwa ameshafunga aproni na ametuma wawili wakamletee mshare.

*

Jioni ile, kabla sijaondoka, nilikwenda jikoni kuaga. Mama Kornelia alikuwa ameingia kabla yangu, amesimama mikono kiunoni.

"Jovin, umeniumbulia wageni."

"Nimeuliza habari za nguruwe tu, mama."

Alimkazia macho kwa muda mrefu sana. Nilishika fremu ya mlango. Halafu kona ya mdomo wake ikaanza kucheza, akageuka haraka kuelekea kwenye sufuria, akachota kijiko, akaonja. Akachota kingine.

"Siku tatu hizi," akasema, bado ametupa mgongo, "nilikuwa najiambia nyumba inajiendesha. Nimekuwa nesi miaka thelathini na mbili na sikuona watu kumi na wanne wana njaa ndani ya nyumba yangu. Wewe umejuaje?"

"Sahani zilikuwa safi mno. Mtu akila ndizi ngumu anabakiza vipande pembeni, anabakiza alama ya uma. Zile zilikuwa zimekung'utwa."

Mama Kornelia akatikisa kichwa. Akavua shingoni kamba yenye ufunguo wa stoo, ule ambao hata binti yake akija kutoka Moshi mjini hapewi, akautundika kwenye msumari ulio karibu na jiko.

"Mwezi wa nane wanakuja walimu thelathini," akasema. "Wale ni Waswahili, hawatajificha. Wakikosa chakula watanipigia meza." Akatoka na ungo wake.

Anko aliugusa ufunguo kwa kidole kimoja kama anapima kama una moto.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema, saa za kimya. Simu ya Anko ikalia jikoni, akakimbia nayo nje, nyuma ya banda, nami nikamfuata kwa vidole vya miguu.

"Ronald... ndiyo... hapana, siji. Siji Jumapili, siji na mwezi ujao. Nimepata jiko." Alikuwa ananong'ona kwa ajili ya sheria ya kimya, lakini kunong'ona kwa watu wa mlimani kunasikika mpaka bondeni. "Ee? Nani atakupikia? Sikiliza, ninaye kijana hapa wa Brazili. Ana moyo mzuri sana. Hapana, kupika hajui. Ila leo amemenya ndizi thelathini na hakujikata."

Nikarudi nikachungulia dirisha la jikoni. Thiago alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imepakwa mafuta mpaka viwiko ili utomvu usimgande, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, yuko kwenye ndizi ya thelathini na moja.